Dakika Ishirini za Karani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa mifugo amesema niandike. Kila siku, hata mstari mmoja: ameamkaje, ametembea muda gani, amelia au hakulia. Nimemwambia nimejaza kadi za kazi miaka kumi, hana haja ya kunifundisha kuandika. Akacheka. Ni kijana, ningeweza kumzaa. Kwenye foleni yake mwenye mbwa nilikuwa peke yangu. Wengine walikuja na mbuzi na kuku, na mmoja na ndama juu ya mkokoteni. Waliniangalia kama mtu aliyepeleka kijiko kwa fundi wa magari.

Haya basi. Mgonjwa: Karani, mbwa dume, miaka kumi na miwili, kilo 34 badala ya 29. Ugonjwa: baridi yabisi, nyonga zote mbili, ya kulia imezidi. Dawa: nusu kidonge asubuhi pamoja na chakula. Chakula kipunguzwe robo. Mazoezi: dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, kwa kamba, mwendo wa pole, kila siku. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi.

Nilimuuliza kwa nini mwenye kuumwa viungo asiachwe tu apumzike. Akasema akilala mfululizo nyama za mapaja zinakwisha, kiungo kinakosa wa kukishika. Akitembezwa kupita kiasi, kiungo kinasagika. Katikati hapo pana njia nyembamba, ndiyo hizo dakika ishirini.

Kisha akasema neno lililonikaa kooni. Mvua zinaanza, na unyevu utamwongezea maumivu. Tumpe muda mpaka mvua ziishe. Kama wakati huo hawezi kuinuka mwenyewe bila kushikwa, tutakaa tuzungumze. Mimi si mtoto. Najua mazungumzo hayo hufanyika sindano ya mwisho ikiwa mezani.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Asubuhi 10, jioni 10. Aliinuka mwenyewe kwa sekunde 9. Nimeanza kumpima kwa saa.

Jumatano, 5 Machi

Karani alikuwa analala juu, mlangoni kwangu. Ngazi ni kumi na nne, kwa hiyo kuanzia leo atalala chini kwenye karakana yangu ya kushonea, chini ya meza ya kukatia. Nimemshonea godoro la vipande vya vitambaa, unene wa kiganja, ili mwili usigusane na sakafu. Penye vigae nimetandika mikeka ya mpira asiteleze. Kazi yote hiyo, saa nne na dakika ishirini, nimeifanya peke yangu.

Na watu wapo. Chini kuna cherehani saba na chumba cha kaka yangu upande wa nyuma. Kaka ana miaka sabini na moja. Alistaafu ukarani wa bohari akaja kukaa kwangu "kwa muda". Muda huo sasa una miaka saba. Juu tuko mimi na mkwe wangu. Mumewe, ambaye ndiye mwanangu, yuko kazini mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka. Mkwe hufanya kazi ofisini na hurudi saa tisa. Na kuna fundi wangu mkuu, tunamwita Pindo kwa sababu hakuna anayekunja pindo la suruali kama yeye.

Nimebandika kadi mlangoni, ileile ya kazi: saa, dakika, jina, sahihi. Nikawaeleza wote masharti ya daktari. Kaka alikuwa anasoma gazeti la juzi. Mkwe alikuwa na simu yake. Pindo akasema sawa, bosi. Nikawaambia basi, nyumba hii mwenye mikono ni mimi peke yangu, nikachukua kamba nikatoka na mbwa wangu mvuani.

Ijumaa, 7 Machi

Pindo amemtembeza Karani mchana bila kuambiwa, akaandika kwenye kadi dakika 12. Mchana haumo kwenye ratiba, na kumi na mbili si kumi. Nimeikata kwa kalamu nyekundu na kuandika KOSA pembeni, kama ninavyofanya mtu akipachika kola upande, kisha nikamweleza mbele ya mafundi wote ili na wenzake wajifunze. Akasema sawa, bosi.

Jioni kadi ilikuwa safi. Jina moja tu, langu.

Jumapili, 9 Machi

Nimempima kwa tepu ya kushonea, mahali palepale alipochora daktari. Paja la kushoto sentimita 36, la kulia 33. Tofauti ya tatu. Nguo yenye tofauti ya tatu naifumua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. 10, 10. Sekunde 9.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. 10, 10. Sekunde 11.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Stoo inavuja, mita sita za kitambaa cha buluu zimeloa. 10, 10. Sekunde 12.

Jumatatu, 17 Machi

Jioni nilikuwa natembea nimemshikia Karani mwavuli, mimi naloa. Muuza duka wa kona alitoka hadi barazani ili anione vizuri. Akaniuliza kama hata mume wangu niliwahi kumfunika hivyo. Nikamjibu kwamba mume wangu alikuwa na miguu mizima, ndiyo aliyoondokea. Wanunuzi wake walicheka mpaka mmoja akasahau chenji.

Na ni kweli. Alipoondoka alibeba redio akaniachia mbwa wa mwaka mmoja na cherehani moja ya kukanyaga. Kwa miezi minane ya mwanzo nililala karakanani ili nisiibiwe, na Karani alilala ameziba mlango kwa mgongo. Cherehani zimekuwa saba. Mbwa amebaki mmoja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemkuta kaka amechuchumaa mbele ya Karani, mkononi ana kidonge chake mwenyewe cha magoti. Nimekinyakua. Daktari alionya kwamba dawa ya maumivu ya binadamu inaweza kumtoboa mbwa tumbo. Kaka akasema alikuwa anakitazama tu. Sijui ni nani hutazama kidonge huku amechuchumaa mbele ya mdomo wa mbwa. Dawa zake nimezifungia kabatini kwangu, atakuwa anakuja kuziomba.

Jumapili, 30 Machi

Kwa daktari mara ya pili. Kilo 32, amefurahia uzito. Mwendo haukumfurahisha. Tumeshuka mpaka dakika 8 asubuhi na 8 jioni. Kila asubuhi nimkande nyonga kwa kitambaa cha moto kabla hajainuka. Nakipasha kwa pasi ya kazini, nakijaribu kwanza shavuni kwangu.

Sekunde 17.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. 8, 8. Sekunde 19.

Nimechoka. Naamka saa kumi na moja, nakanda mbwa, nampa dawa, namtembeza, nafungua karakana, nakata sare za shule mbili, natembeza tena, napima, naandika. Kaka anauliza kama kuna sukari. Mkwe anapita na viatu mkononi ili asinisumbue, yaani ili nisimwone. Watu watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbwa yukoje.

Jumapili, 13 Aprili

Jua, mara ya kwanza baada ya siku tisa. Nilishinda sokoni kutafuta vifungo. 8, 8. Nikajiambia ardhi ikikauka naye atakauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuinuka.

Nilimkanda, nikasubiri, nikamwita. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikabaki imekunjwa kama ya mwingine. Alijaribu mara nne. Mara ya nne alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, halafu akageuza kichwa kando, kwa aibu. Watu watasema mbwa hana aibu. Hawajaishi na huyu.

Niliita. Kaka alitoka chumbani amevaa shati tu na taulo kiunoni, mkwe alishuka ngazi kumi na nne kwa hatua nne, Pindo ndiyo kwanza alikuwa anafika akatupa baiskeli palepale nje. Nilikata kipande cha khaki, nikakipitisha chini ya tumbo la Karani, Pindo akashika upande huu na kaka upande ule, wakamsimamisha. Alikojoa hapohapo juu ya mkeka, muda mrefu, akiwa ananing'inia. Mkwe alipiga magoti akafuta bila kuambiwa.

Sikuwashukuru. Niliwaambia kama wangekuwa wananisaidia tangu mwanzo tusingefika hapa. Walitazamana. Niliona ni kutazamana kwa watu waliochoka na maneno yangu.

Usiku huu hesabu haiingii. Uzito umepungua, ardhi jana ilikuwa kavu, dawa hajakosa hata siku moja, mazoezi ni madogo kuliko mwanzo. Kila namba imekwenda upande mzuri isipokuwa mbwa mwenyewe. Mapaja nimeyapima tena: 36 na 33, yaleyale ya Machi. Mbwa anayetembea dakika kumi na sita kwa siku alitakiwa awe amepungua nyama. Nimepima mara tatu. Tepu haina tatizo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ananyanyuliwa kwa khaki kila asubuhi. Nimewatangazia mafundi wapunguze kuongea kwa sauti.

Jumamosi, 19 Aprili

Daktari amekuja mwenyewe, maana sikutaka kumtingisha njiani. Nilidhani atagusa nyonga. Alianza na kucha.

Akaniuliza mara ya mwisho nilimkata lini. Nikafikiri. Kabla ya mvua. Zamani nilikuwa namkata kila wiki tatu, maana zilikuwa zinagonga vigae kama cherehani mbovu. Akaniinulia mguu mmoja mmoja. Kucha zimelika zote, za nyuma zimelika mpaka ncha ni bapa, zile za kulia zaidi.

"Mama, huyu anatembea," akasema. "Na anatembea barabarani, si kwenye udongo. Nani mwingine anamtoa?"

Nilimwambia hayupo. Nikamwonyesha kadi: mstari kwa mstari, jina langu, sahihi yangu, wiki sita. Akaitazama kwa heshima kubwa, kisha akasema kadi ni nzuri sana ila mbwa hajui kusoma. Nilikasirika mpaka nikasahau kumpa chai. Ameagiza siku tatu za kupumzika kabisa kuanzia Jumatano, na amerudia lile neno. Mvua zikiisha.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi Karani aliinuka mwenyewe, kwa sekunde 24. Nilimtembeza dakika zangu nane. Kisha nikawaaga wote, kama ninavyowaaga siku nyingi, kwamba naenda ghala la vitambaa na nitarudi jioni. Nilizunguka kona, nikasimama uchochoroni dakika kumi, nikarudi kwa ngazi za nyuma. Nikaketi juu dirishani nyuma ya pazia na saa mapajani. Mwanamke mwenye cherehani saba, namchungulia mbwa wangu kama mke mwenza mwenye wivu.

Saa tatu na nusu alitoka kaka. Sikumtambua mara moja. Amevaa koti lake la ofisini, viatu vimepigwa rangi, kamba ya Karani mkono wa kushoto. Wakaelekea barabara kubwa, polepole, na kila aliyekutana nao alisimama kumsalimu. Walirudi saa nne na dakika tano. Kaka akainama mlangoni akamfuta miguu yote minne kwa kitambaa chake cha mfukoni. Ndiyo maana sijaona tope. Dakika 35.

Saa saba alitoka Pindo, badala ya kula. Alikuwa anaongea na mbwa njia nzima, sijui nini, ila mikono ilikuwa inaeleza. Dakika 12, zilezile nilizomkatia kwa nyekundu.

Saa tisa na robo alitoka mkwe, hata mkoba hajaweka chini. Dakika 18. Kwenye dimbwi alimwinua nyuma kwa mikono miwili na gauni lake la kazi likaloa.

Thelathini na tano, kumi na mbili, kumi na nane: sitini na tano. Ongeza zangu kumi na sita. Themanini na moja. Mara tano ya kilichoandikwa, na hakuna aliyejua habari za mwenzake, kwa sababu kila mmoja alihakikisha hayupo wa kumwona. Sisi wanne tumekuwa tunamsaga mbwa, kila mmoja kwa huruma yake, gizani.

Nilishuka. Pindo nilimwomba asiondoke. Tukakaa kwenye meza ya kukatia, Karani chini yake, na nikawasomea namba. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, nikajikuta nasoma tu mstari kwa mstari. Kaka alipouliza Jumapili ile ya jua ilikuwaje, kila mtu akaanza kutazama mkono wake. Kaka alitembea saa nzima. Mkwe alimchukua mara mbili. Pindo, siku yake ya mapumziko, alikuja toka kwao kwa baiskeli. Jumla sikuisema kwa sauti.

Niliuliza kwa nini hamkuandika. Pindo alitazama mkasi. Mkwe ndiye aliyejibu, na alijibu kwa adabu, ndiyo maana iliingia.

"Mama, ulisema mwenye mikono hapa ni wewe peke yako. Halafu aliyejaribu kuandika ukamsomea kosa mbele ya watu. Nikaona nitumie yangu kimyakimya, nisiharibu kadi."

Nikamgeukia kaka. Nilimwambia wewe mzee mzima, ulisikia masharti ya daktari, dakika thelathini na tano ulikuwa unampeleka wapi?

Aliviringisha kipande cha uzi kidoleni.

"Mdogo wangu, mtu wa umri wangu akionekana anazurura peke yake saa nne asubuhi, watu wanamuuliza anatafuta nini. Nikiwa na mbwa hawaniulizi. Wanamuuliza mbwa hajambo."

Miaka saba nimemhesabia kaka sukari. Hiyo sikuwahi kuihesabu.

Niliwaambia kosa la hesabu ni langu. Mkwe akasema tumesikia, mama, haraka, kama anayeogopa nisije nikalirudisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku tatu za kulala zimekwisha. Nilimpigia daktari nikamwambia ukweli wote, hata wa pazia. Hakucheka, au alisogeza simu. Anasema tena ni afadhali: watu wanne, dakika tano tano, kwenye udongo nyuma ya nyumba. Ishirini zilezile, ila zimetawanywa, kiungo hakichoki wala hakigandi. Kadi mpya ina majina manne. Zamu ya asubuhi ni ya kaka, mchana Pindo, saa tisa mkwe, jioni mimi.

Sekunde 21.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. 5, 5, 5, 5. Sekunde 18.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kubwa. Mkwe na Pindo wamebishana karibu nusu saa kuhusu nani anayejua kumkanda vizuri. Nimewaacha. Sekunde 16.

Jumapili, 11 Mei

Kilo 30. Mapaja 36 na 34. Amemngurumia paka wa muuza duka, na paka ameondoka.

Sekunde 13.

Alhamisi, 15 Mei

Mbwa anapona na kaka anaugua. Si ugonjwa wa kupeleka hospitali. Anamtembeza Karani dakika zake tano nyuma ya nyumba kwa saa, anasaini, anarudi chumbani. Koti limetundikwa. Leo gazeti alilokuwa nalo ni la wiki iliyopita na alikuwa ameshafika ukurasa wa matangazo ya vifo. Nilimwambia si atoke tu anyooshe miguu. Akasema atatoka. Hakutoka.

Dakika tano hazimfikishi mtu popote. Kutoka mlangoni hadi barabara kubwa ni dakika kumi na mbili kwa mwendo wa Karani. Nimepiga hesabu kila namna. Nikimwachia zile thelathini na tano namuua mbwa. Nikimbana na tano, sijui.

Jumatano, 21 Mei

Manyunyu. 5, 5, 5, 5. Sekunde 10.

Nimepima njia kwa miguu yangu mwenyewe, saa mkononi, nikijilazimisha mwendo wa mbwa. Kutoka mlangoni mpaka benchi la mbele ya duka la kona: dakika tano. Njia yote ni ya udongo.

Jumamosi, 31 Mei

Hakujanyesha siku sita. Daktari amekuja. Nilikuwa nimewaambia wengine waendelee na kazi zao, wote wakaendelea kwa kusimama mlangoni.

Daktari alimwacha Karani alale, akarudi nyuma hatua nne, akamwita. Nilishika saa. Karani alimtazama, akanitazama mimi, akaweka miguu ya mbele, akafikiri. Khaki ilikuwa mezani, nikamwona Pindo anaitazama, nikamtikisia kichwa. Mguu wa kulia wa nyuma ulitetemeka. Kisha nyonga ikapanda, vibaya, upandeupande, ikapanda.

Sekunde 9.

Daktari akasema hakuna la kuzungumza leo. Akasema pia nisijidanganye: haponi huyu, anatunzwa. Mvua za mwishoni mwa mwaka zitakuja na maumivu yake, na siku moja jibu litakuwa jingine. Nikamwambia mimi nimezoea kazi zisizokwisha. Safari hii nilimpa chai.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya chai ya asubuhi nilimwambia kaka nampa dakika zangu tano. Akasema hazitaki, za kwake zinamtosha. Nikamweleza kama ninavyoeleza mteja mkaidi: tano za kwenda, tano za kurudi, katikati wanakaa kwenye benchi la muuza duka kadiri wanavyotaka, maana kukaa daktari hakukuwekea kipimo. Wasalimiwe hapo mpaka wachoke. Muuza duka nimeshamwambia, amesema benchi lile kwa siku zote hukaliwa na kuku.

Kaka alinitazama.

"Na wewe? Mbwa ni wako."

Nikamwambia nina sare mia na arobaini za kukata kabla ya muhula, na koti lake lina mkunjo, alilete nilipige pasi.

Wametoka saa tatu na nusu. Nilikuwa dirishani, bila pazia. Karani alisimama njiani mara tatu, kunusa au kupumua, sijui. Kaka naye alisimama mara tatu, na hakuna aliyemvuta mwenzake.